Shukrani kwa waliojitolea kuendesha mashindano ya roboti Tabora

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwashukuru hadharani watu ambao hawakutajwa siku ya kutoa zawadi, nao ni wale waliojitolea kuendesha mashindano ya roboti ya wanafunzi wa sekondari yaliyofanyika hivi karibuni hapa Tabora mjini. Washindi walipigiwa makofi, walimu walisimamishwa wakapongezwa, mgeni rasmi akahutubia, na yote hayo yalistahili. Lakini mimi ni mzazi niliyeshinda ukumbini tangu asubuhi hadi viti vilipokusanywa, na niliyoyaona hayaniruhusu kunyamaza.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuyashuhudia mashindano haya, nieleze kwa ufupi. Kila timu huja na kigari kidogo chenye betri, mota mbili, kidhibiti cha kielektroniki na vihisi vinavyotazama chini. Wanafunzi hukiandikia programu, kisha hukiweka juu ya ubao mweupe uliobandikwa njia ya tepu nyeusi, na tangu hapo hakuna anayeruhusiwa kukiongoza kwa mkono wala kwa rimoti. Kihisi humulika chini na kupima mwanga unaorudi: penye weupe hurudi mwingi, penye weusi hurudi kidogo, na kwa tofauti hiyo kigari hutambua kwamba kimeanza kuiacha njia na hujirudisha chenyewe.

Ni hapo ndipo jua letu la mchana lilipotaka kuharibu kazi. Madirisha ya ukumbi ule yanaelekea magharibi, na ilipopita saa nane jua likaanza kupiga moja kwa moja juu ya meza za upande huo. Mwanga wa jua umebeba pia ile miale isiyoonekana kwa macho ambayo vihisi vya aina hii huitegemea, kwa hiyo vigari vilivyokwenda vizuri asubuhi vilianza kuyumba na kutoka njiani bila kosa lolote la wanafunzi. Waamuzi wangeweza kusema ni bahati mbaya wakaendelea na ratiba. Hawakufanya hivyo. Walisimamisha mashindano, vijana wa chuo waliokuja kusaidia wakapanda juu ya madawati, wakatundika maturubai pamoja na vitenge vilivyoazimwa kwa mama lishe waliokuwa nje, na kila timu iliyokuwa imekimbiza kigari chake juani ikapewa nafasi ya kupima upya vihisi na kurudia. Tulichelewa sana, na wapo wazazi walionung'unika waziwazi. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa haki kuliko yote ya siku ile, kwa sababu mtoto aliyesafiri kutoka Urambo au Nzega hawezi kurudi kwao akiambiwa kwamba ameshindwa na dirisha.

Jambo lililonigusa zaidi, hata hivyo, ni namna watu hawa walivyojizuia. Kanuni ilikuwa kwamba mtu mzima haruhusiwi kugusa roboti ya mwanafunzi, na sisi wazazi tunajua ugumu wa kanuni hiyo, maana ukimwona mwanao anahangaika mkono hutangulia wenyewe. Kwenye meza moja, binti wa kidato cha pili kutoka shule ya kata alikuwa karibu kulia. Kigari chake kilikuwa kinazunguka pale pale kama pia, na muda wake wa maandalizi ulikuwa unakwisha. Kijana mmoja ambaye shughuli yake ya kila siku ni kutengeneza simu sokoni alichuchumaa kando yake, mikono ameifunga mgongoni.

"Mdogo wangu, gurudumu la kushoto linakwenda wapi?"

"Linarudi nyuma, kaka."

"Na la kulia?"

"Mbele."

Hakuongeza neno. Yule binti alitazama kidogo, akachukua bisibisi, akafungua nyaya mbili za mota ya kushoto na kuzibadilishana nafasi, na kigari kikaenda mbele. Fundi yule angeimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache, na binti angeondoka bila kujua kilichokuwa kimeharibika. Kwa uvumilivu ule peke yake anastahili shukrani zangu, na sidhani kama yupo aliyemwambia hata ahsante.

Desturi ya kuyategemeza mashindano ya namna hii juu ya watu wa kujitolea ina historia yake. Nchini Marekani, mhandisi Dean Kamen alianzisha taasisi ya FIRST mwaka 1989, na mashindano yake ya kwanza ya roboti, ya mwaka 1992, yalifanyika katika ukumbi wa michezo wa shule moja ya sekondari jimboni New Hampshire yakiwa na timu 28. Leo mashindano ya taasisi hiyo yameenea katika nchi nyingi, na bado kazi za uamuzi, ukaguzi wa roboti na utunzaji wa alama hufanywa kwa sehemu kubwa na watu wasiolipwa. Profesa Woodie Flowers wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha huko Marekani, aliyefariki mwaka 2019, aliwasisitizia washiriki wa mashindano hayo kwamba wapambane kwa nguvu zote huku wakimheshimu na kumsaidia mpinzani. Hapa kwetu niliyaona hayo pale mtangaza ratiba aliposema kwamba timu ya Kaliua haina betri nzima, na betri ya kuazima ikatoka kwa timu iliyokuwa ikipangiwa kukutana nayo.

Nisimsahau dada fundi umeme aliyekaa siku nzima penye meza ya kuchajia. Betri za lithiamu zikivimba au zikichajiwa bila uangalizi zinaweza kuwaka moto, na yeye alikagua kila moja, akazitenga zilizovimba mbali na watoto na ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Umeme ulipokatika, ndiye aliyewasha jenereta. Wengine walikwenda stesheni usiku kupokea timu zilizokuja kwa treni, na wengine, kwa miezi mingi kabla ya hapo, walizitumia Jumamosi zao kufundisha klabu shuleni kwa nauli ya mifukoni mwao.

Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeipa elimu ya amali, yaani mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, nafasi kubwa katika sekondari, na mafundi wa aina hii ni hazina ambayo shule zetu zinayo jirani kabisa. Kwa hiyo nawaomba waandaaji wamwandikie kila aliyejitolea barua rasmi ya shukrani, na nakala ipelekwe kwa mwajiri wake, kwa kuwa baadhi yao walikatia siku hizo kwenye likizo zao. Waajiri nao nawaomba watoe ruhusa bila vikwazo yatakapofika mashindano yajayo. Sisi wazazi kadhaa tumekwisha kukubaliana kuchangia nauli na chakula cha watu hawa, na mzazi anayetaka kuungana nasi amwone mwalimu mlezi wa klabu katika shule ya mwanawe.

Mzazi,
Tabora Mjini