Fika Aswan, Mwanangu, Ila Jaketi Okozi Uvae

Nansio, Ukerewe

Mwanangu mpendwa,

Uliposema kwenye simu kwamba Aswan, kule kusini mwa Misri, huendi tena, kwamba ni mbali na huko kuna mawe na maji tu, nilinyamaza mpaka mama yako akadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwa natafuta namna ya kukujibu bila kugomba. Kabla sijaipata, jana jioni kaka yako akanionyesha ujumbe wako: wenzako wamekubembeleza, mnapanda treni wiki ijayo, na siku ya pili mtapanda boti kwenda kwenye lile hekalu la kisiwani. Furaha na hofu zikaingia kwa mlango mmoja. Usiku sikulala vizuri, ndiyo maana naandika. Kaka yako ataipiga picha barua hii akutumie. Isome yote, usirukeruke kama unavyofanya na ujumbe wangu wa simu.

Naanza na boti. Mwenye boti akikwambia maji ya pale yametulia, mwitikie kwa heshima, kisha mwombe jaketi okozi. Likiwa chafu, livae. Likiwa kubwa, funga kamba zake mara mbili. Akisema hana, shuka, hata kama umeshalipa na wenzako wanacheka. Fedha hiyo nitairudisha mimi. Sababu sizitaji, unazijua, na mama yako akipita hapa akaona nimeandika jina la shangazi yako hatakula chakula cha jioni.

Haya, sasa bwawa.

Miaka 31 nimechora Bwawa Kuu la Aswan ubaoni. Chaki ya buluu ilikuwa haba pale shuleni. Niliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga na sikuitoa ila kwa maziwa na mito. Nimechora ukuta, nimechora ziwa, nimechora mishale ya maji ikiingia kwenye mitambo, na mkono huu haujagusa hata kokoto ya pale. Wewe umekaa Cairo miaka mitano, treni ya usiku mmoja, kilomita zipatazo 880, na ulikuwa tayari kurudi nyumbani hivihivi. Limeniuma, nakwambia ukweli. Halafu nikakumbuka kwamba kila ulipoomba ruhusa ya kutembea, mimi ndiye niliyekujibu kwamba umekwenda kusoma. Basi hilo tuliache.

Kwanza nenda lile bwawa la zamani, maana watu hulipita mbio kwenda kwenye kubwa. Waingereza walilijenga kuanzia 1898 mpaka 1902, la mawe ya matale, na likaja kuinuliwa mara mbili. Lina milango mingi chini. Mafuriko yalipokuja na tope lake jekundu la Ethiopia, waliifungua yakapita, mashamba yakapata mbolea yake. Yalipopungua wakaifunga, wakatunza maji ya mwishoni. Lile jipya la juu halina habari ya kupitisha tope. Limelinasa lote. Misri ikapata maji mwaka mzima na umeme, na mkulima wa chini akaanza kununua mbolea ya viwandani, huku pwani kule kwenye delta bahari ikila ardhi isiyopata tope jipya. Nataka uyaone mabwawa yote mawili siku moja, ukiwa na hilo kichwani, kwa sababu wewe ni mhandisi sasa. Neno hilo nimeliandika polepole, nalipenda.

Ukifika kwenye lile kubwa usitafute ukuta wa zege. Wengi huvunjika moyo kwa hilo. Ni kilima: mawe na mchanga, katikati kuna kiini cha udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Chini, kutoka mguu mmoja mpaka mwingine, ni mita 980, upana wa kupita nyumba kwa nyumba kutoka kwetu mpaka sokoni na kubaki. Juu ni mita 40 tu. Kimo mita 111, urefu karibu kilomita 4. Kifusi chake ni mara 17 ya ile piramidi kubwa uliyonitumia picha yake mwaka wa kwanza. Maji yanazuiliwa na uzito. Simama katikati ya barabara iliyo juu yake, geuka kusini utazame ziwa lake, Ziwa Nasser. Hutaona mwisho. Linakwenda kilomita 500 hivi hadi ndani ya Sudan, ambako wao huliita Ziwa Nubia. Halafu tazama kingo zake. Sisi tumezaliwa kwenye ziwa lenye migomba, mihogo na miembe mpaka kwenye maji. Lile limelala kwenye mchanga mtupu, jangwa kulia, jangwa kushoto. Jua linakunywa humo takribani mita za ujazo bilioni 10 kila mwaka. Hilo ndilo nililoshindwa kulichora, chaki haina joto.

Ukigeuka kaskazini utaona mto umekuwa mwembamba, na jengo la mitambo. Mitambo 12, kila mmoja megawati 175, jumla 2,100. Bwawa letu la Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115. Karibu sawasawa. Na waliolijenga la kwetu ni Wamisri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Ukija kuomba kazi hapa nyumbani utakutana na watu waliofanya kazi na Wamisri hao, na utakuwa na Kiarabu chao mdomoni. Je, utawaambia Aswan hujafika? Mimi sitaki uulizwe swali hilo ukatazama chini.

Habari ya fedha za bwawa lile unaijua kidogo, lakini iendee ukiwa pale. Julai 1956 Marekani na Uingereza walijitoa kwenye mkopo. Tarehe 26 ya mwezi huohuo Rais wa Misri, Gamal Abdel Nasser, akautaifisha Mfereji wa Suez, ili ushuru wa meli ujenge bwawa. Vita ikaja mwaka huohuo, Waingereza, Wafaransa na Waisraeli. Ikapita. Warusi wakaleta mkopo, mitambo na wahandisi, kazi ikaanza Januari 1960 na kukamilika Julai 1970. Nasser akafariki Septemba, miezi miwili baadaye. Sherehe ya ufunguzi, Januari 1971, aliifanya mrithi wake, Sadat. Nilipofundisha hapo kila mwaka darasa lilikuwa kimya, na mimi mwenyewe nilikuwa natazama dirishani kidogo kabla ya kuendelea.

Kuna kosa nimelifundisha muda mrefu. Niliwaambia watoto kwamba maji ya Aswan ni ya kwetu, kwamba ukimwaga ndoo Nansio itafika kwa Mmisri. Ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Asilimia 85 hivi ya maji yanayofika kule hutoka nyanda za juu za Ethiopia. Ya kwetu yakitoka ziwani pale Jinja, Uganda, hupita kwenye kinamasi cha Sudd, Sudan Kusini, na karibu nusu yake hupotea hewani. Nilikuja kuyasoma vizuri nikiwa nimekaribia kustaafu. Vijana niliowafundisha vile leo ni walimu, na baadhi wanafundisha vilevile. Kwa hiyo wewe usimwambie Mmisri yeyote kwamba mnakunywa maji yetu. Lakini pia usikubali akwambie hatuna haki nayo. Mwalimu Nyerere alishasema mwaka 1962 kwamba mkataba wa 1929, ambao Waingereza waliufanya na Misri kwa niaba yetu bila kutuuliza, hautufungi. Sema hivyo kwa adabu, kisha mwagizie chai.

Hekalu mnalolifuata, Philae, ndilo lililonikosesha usingizi, maana huwezi kulifikia kwa miguu. Lilikuwa likizama nusu tangu bwawa la zamani lijengwe. Baadaye wakalivunja jiwe kwa jiwe na kulijenga upya kwenye kisiwa cha jirani, Agilkia. Ni safari ya dakika chache. Najua. Safari za dakika chache ndizo watu wasizovalia maboya. Siku ile ya Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikitoka Bugolora kwenda Ukara, abiria walikuwa wanaona nyumba zao. Mimi ndiye niliyemwambia shangazi yako asiwahi kivuko cha asubuhi, abaki amalizie gulio. Vaa jaketi okozi ukiwa bado umesimama gatini, kabla mguu haujagusa boti.

Hekalu la Abu Simbel ni mbali zaidi, kilomita 280 hivi kusini, lakini mnaweza kwenda kwa gari, na nakusihi muende kwa gari. Ule mlima wenye sanamu nne za Farao Ramesses ungekuwa chini ya ziwa leo. Kati ya 1964 na 1968, chini ya UNESCO, waliukata kwa misumeno vipande vya tani nyingi kila kimoja, wakaupandisha mita 65 na kuurudisha nyuma mita 200. Waliupanga tena kwa hesabu hata jua la asubuhi ya tarehe 22 Februari na 22 Oktoba bado linaingia mpaka chumba cha ndani kabisa. Ndege yako ni mwisho wa Februari. Sisemi usubiri. Nasema tu tarehe ni hiyo.

Na Wanubi. Mwanangu, hapa usipite haraka. Mawe yalihamishwa kwa misumeno na hesabu, na dunia nzima ikachangia. Watu walihamishwa kwa boti, treni na malori. Takribani 100,000 kwa pande zote mbili, wa Misri wakapelekwa Kom Ombo, wa Wadi Halfa wakapelekwa Khashm el-Girba mashariki ya Sudan. Watu wa mto wakapewa nyumba mbali na mto. Makaburi ya wazazi wao yako chini ya lile ziwa utakalolipiga picha. Pale mjini kuna Jumba la Makumbusho la Nubia, lilifunguliwa 1997. Ingia, kaa humo saa mbili. Na ukikutana na mzee wa Kinubi, msalimie kwanza kabla ya kumwuliza bei ya kitu. Babu yako angeulizwa kuhama ukingoni hapa asingejibu, angeingia ndani na kufunga mlango.

Kitu kimoja nifanyie. Kula sangara wa Ziwa Nasser. Huyo samaki kule ni mwenyeji tangu zamani, ni wa Nile. Huku kwetu ni mgeni aliyeletwa miaka ya 1950 na baadaye, akamla furu wetu, wale samaki wadogo, mpaka aina nyingi zikatoweka. Nataka kujua kama nyama yake ni ileile, kama ina mafuta vilevile ukiikaanga. Mwulize mpishi anaikata vipi. Ila ufukweni usikae miguu majini, mamba wamebaki upande wa ziwani wa bwawa, na kule si wachache.

Sasa nirudi kwenye lile. Kwamba wewe ni mtoto wa kisiwani na hujui kuogelea, si kosa lako. Kaka yako alijifunza kwa kuiba, na alipokamatwa unajua kilichompata. Wewe ulitii. Nilipokuwa nasikia watoto wa wenzangu wakipiga kelele majini, nilifurahi kwamba wangu wapo ndani wanasoma. Nilidhani nakulinda na ziwa. Leo unakwenda kwenye ziwa jingine, kilomita maelfu, na sina cha kukupa isipokuwa maneno ya jaketi. Ukirudi, yule kijana wa mwaloni anayefundisha watoto wa shule nimeshaongea naye. Amesema hata mtu mzima hujifunza kwa wiki tatu. Nitakaa ukingoni, sitasema neno.

Nyumbani hatujambo. Presha ya mama yako imeshuka, ila chumvi anaificha kwenye kikapu cha vitunguu akidhani sioni. Simtanki la lita 1,000 limepasuka ubavuni, fundi anasema litaungwa kwa moto, mimi siamini. Bomba la mtaani linatoa maji siku mbili kwa wiki, na ziwa tunaliona kutoka mlangoni. Machungwa mwaka huu ni mengi lakini bei haipo, tumegawa kwa majirani. Mbuzi yule mweupe amezaa pacha, kaka yako anataka kuuza mmoja kulipa ada ya mtoto wake na nimemwambia asubiri wewe ufike. Mabati ya jikoni tutayazungumza ukija, usitume fedha. Fedha uliyonayo lipia chumba kizuri Aswan, chenye mlango unaofungwa, na usiku mchukue blanketi, jangwa la Januari lina baridi.

Leta kokoto moja. Iokote njiani tu, isiwe ya bwawa lenyewe wala ya hekaluni, usije ukapata matatizo.

Siku ya boti nitumie ujumbe ukiwa gatini, na ukishavuka kurudi nitumie mwingine, neno moja tu linatosha: nimevuka. Nitakuwa chini ya mwembe, pale mtandao unapokamata, tangu asubuhi.

Ni mimi baba yako.