Semina za kustaafu zisiishie kwenye fedha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo semina za kuwaandaa wastaafu huligusa juu juu. Tunafundishwa kwa kirefu namna ya kutunza kiinua mgongo, lakini ni nadra kuambiwa kwamba simu iliyokuwa ikiita tangu asubuhi itanyamaza, kwa kuwa wengi wa waliokuwa wakipiga walikuwa wakiitafuta ofisi, si mtu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938, ukawafuatilia watu kwa miongo mingi, umeonyesha kuwa uhusiano mwema na wengine huambatana na afya bora uzeeni. Kwa hiyo mstaafu asingoje kutembelewa. Apange siku na saa ya kuonana na wenzake wa zamani, maana ile ahadi ya "tutatafutana" (sote tunaijua) haina tarehe. Ajiunge pia na kwaya, chama au darasa ambako asipofika ataulizwa yuko wapi. Waajiri nao wangeweza kumpunguzia mtumishi saa za kazi hatua kwa hatua katika mwaka wake wa mwisho, badala ya kumuaga kwa hotuba Ijumaa na kumwacha Jumatatu bila pa kwenda.

Wako mwaminifu,
Msomaji mstaafu