Asante, mama wa chai pale Muthurwa

Mama, sikukuuliza jina, na mvua ya asubuhi ile haikutupa nafasi ya maongezi marefu. Nilikuwa na bahasha ya shilingi 20,000 niliyopewa kazini ili nitie sahihi risiti za uongo. Nilikuambia nimeshapanga: nusu nitaitoa sadaka Jumapili, Mungu atanielewa.

Hukunigombeza. Ulinimiminia chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi mdomoni, ukanikumbusha Mfalme Sauli, aliyewaacha hai kondoo na ng'ombe wanono wa Waamaleki akidai ni wa dhabihu, na jinsi Samweli alivyomjibu kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu. Kisha ukasema, "Mwanangu, Mungu hakukuomba nusu. Alikuomba usiibe."

Niliirudisha bahasha siku hiyo hiyo. Kazi iliisha kabla ya mwezi kuisha, na kodi ya nyumba bado inanisumbua, sitaficha. Lakini usiku nalala.

Ile chai ulikataa niilipie. Nimerudi Muthurwa mara tatu, na pale ulipokaa sasa anauza viatu kijana mmoja. Ukisoma haya, au mwanao akikusomea, pokea shukrani zangu, mama. Mungu akutunze popote ulipo.