Tulitazame na kovu la moyo, si mshipa peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa matibabu ya moyo, ambao mara nyingi huishia kwenye kuzibua mshipa, kana kwamba mshipa ukishazibuliwa kazi imekwisha.

Mjomba wangu, aliyepata shambulio la moyo mwaka jana, aliruhusiwa kurudi nyumbani na majibu ya eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) yaliyosema tu kwamba moyo unasukuma damu kwa udhaifu. Lakini udhaifu huo huweza kutokana na msuli uliokufa ukageuka kovu, au na msuli ulio hai ila umezubaa. Kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku, huitenganisha misuli hiyo: mgonjwa huchomwa dawa ya gadolini, na baada ya dakika 10 hivi hupigwa picha huku amebana pumzi, kovu hung'aa, msuli ulio hai hubaki mweusi. Utafiti wa daktari Raymond Kim na wenzake wa Chicago, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kovu likizidi robo tatu ya unene wa ukuta wa moyo, ni nadra mno sehemu hiyo kupata nguvu tena hata damu ikirudishwa.

Mashine za MRI zipo katika miji yetu mikubwa, ingawa wengi wetu tunazijua kwa picha za kichwa na mgongo. Naiomba Wizara ya Afya isomeshe wataalamu wa kusoma picha za moyo, na bima igharamie kipimo hicho, si kwa kila mgonjwa, maana ni ghali, bali kwa wale ambao eko imewaacha na shaka.

Msomaji wako,
Dodoma