Ziwa Jilore litangazwe, vigango viachwe

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu Ziwa Jilore, lile lililojificha nyuma ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na nimefurahi. Watalii wanaoishia ufukweni Malindi na Watamu hawalijui. Lakini mwandishi, kwa furaha ya "kugundua" (sisi tumevua humo tangu utotoni), amewashauri wageni watafute pia vigango vijijini na kusambaza picha zinazoonyesha mahali vilipo. Hapo amekosea.

Kigango si pambo. Ni nguzo ya mti mgumu yenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili kilichonakshiwa pembetatu, na Wagiriama humsimamishia mzee aliyefariki wa Gohu, yaani chama cha wazee wenye heshima. Familia ikihama, chenyewe hubaki palepale hata kikiliwa na mchwa. Wezi wameutumia mwanya huo: katika miaka ya 1970 na 1980 vingi viling'olewa na kuuzwa, vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani. Vigango 30 vya makumbusho ya jiji la Denver huko Marekani vilirudi Kenya mwaka 2019, lakini kigango kisichojulikana kilitoka boma gani utamrudishia nani?

Napendekeza serikali ya kaunti ilitangaze ziwa peke yake. Vigango vionwe kwa idhini ya wenye boma, mgeni akisindikizwa na kijana wa hapo hapo anayelipwa, na simu ibaki mfukoni. Orodha ya mahali vilipo ikae kwa wazee na Makumbusho ya Kitaifa, isichapishwe gazetini.

Msomaji wenu,
Malindi