Barua kwa Mabinti wa Shule za Kata: Siti Aliyenilea

Wajukuu zangu mnaoanza kidato cha kwanza,

Hamjambo? Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitamka, marahaba. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Tanga, na macho bado yananitosha kuandika mchana.

Juzi asubuhi nilikuwa barazani nikichambua mchicha. Wakapita wasichana watatu wenye sare mpya, sketi zimewazidi kimo kwa sababu mama zao wamehesabu miaka minne mbele. Kijana mmoja juu ya bodaboda akapaza sauti: "Kayumba hao!", jina la kubeza shule za serikali. Wawili wakacheka ili yaishe. Yule wa katikati hakucheka. Alilivuta daftari lake taratibu mpaka likafunika nembo ya shule kifuani.

Barua hii nimeiandika kwa ajili ya mkono ule.

Mkono ule naujua, maana nimeshawahi kuwa nao. Mwaka 1968 nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano, katika kijiji kimoja kusini mwa Tanga. Mama yangu alikuwa akisuka ukili. Mimi ndiye niliyeanika miyaa, nikaipasua kwa ukucha wa kidole gumba, nikaipanga ile ya kutiwa rangi upande wake. Mikeka ikikamilika niliibeba kichwani hadi mjini. Siku moja mwenye nyumba aliyenunua mkeka aliukunjua sakafuni, akausifu kweli, kisha akamwambia mwanawe wa rika langu asikalie kiti nilichokuwa nimekalia mpaka kifutwe. Nilitia senti zangu katika pindo la kanga, nikarudi njia nzima bila kumwambia mtu. Hata mama sikumwambia.

Muhula ule ndipo mwalimu wetu wa Kiswahili alipoanza kutusomea Wasifu wa Siti binti Saad, wa Shaaban Robert, kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshonwa kwa uzi wa magunia, na kila alipokifungua kilitoa harufu ya mafuta ya taa. Nilimwomba niende nacho nyumbani. Alinipa siku mbili, nikakaa nacho mwezi, na hakuniuliza.

Huyo Siti ni nani? Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880, katika nyumba ya watu waliotoka utumwani, na jina alilopewa ni Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, lilikuja baadaye. Mamaye alikuwa mfinyanzi. Yeye aliibeba mitungi na vyungu kwa miguu hadi mjini, akiimba njiani, watu wakamjua kwa sauti kabla hawajamwona. Shule hakusoma. Alihamia mjini mwaka 1911, akafunzwa uimbaji, akaimba na kundi la kina Subeti Ambari na Mbaruku, na mwaka 1928 wakavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Zilikuwa miongoni mwa santuri za kwanza kabisa za Kiswahili. Shaaban Robert alikutana naye siku za mwisho za uhai wake. Siti alifariki 1950, na wasifu ukatoka 1958 katika jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

Mimi, kwa miaka yangu kumi na miwili, habari za Bombay hazikunigusa. Nilinasa mahali pamoja tu, pale washindani wake walipomtungia wimbo wa kumdhalilisha:

Siti binti Saadi kawa mtu lini,
Kaja mjini na kaniki chini,
Kama si sauti angekula nini?

Kaniki mnaijua? Ni lile shuka jeusi la bei ya chini walilovaa watumwa na watu wa shamba. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Nilikuwa nimekaa juu ya kinu kilicholala, nyuma ya nyumba, na nakumbuka moyo ulivyokuwa ukinienda mbio kana kwamba nimekamatwa mimi. Nilidhani akijibu, atasema uongo: atajitafutia babu tajiri, au atasema kaniki hakuvaa. Mimi ningesema hivyo. Nikafungua tena:

Si hoja uzuri
Na sura jamali,
Kuwa mtukufu
Na jadi kubeli,
Hasara ya mtu
Kukosa akili.

Angalieni alichokiacha bila kukijibu. Kaniki hakuikana. Shamba hakulikana. Wale walimsema nguo, sura na ukoo, naye akavisogeza vyote vitatu kando kama mtu anayeondoa vyombo mkekani, kisha akaweka cha kwake. Tangu siku ile nilibeba mikeka ya mama nikiwa nimeinua shingo. Nyumba ile sikuikwepa, niliirudia. Nilipokaribishwa kiti nilisema ahsante, nikakaa juu ya mkeka wetu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu watu wengi wakisifu vitabu vya utotoni huishia hapa. Husema kitabu kilinipa ujasiri, basi. Mimi sikupewa ujasiri siku moja ukanitosha mpaka uzee. Kila nilipokua, ilinibidi nirudi kwa Siti kumtazama upya, na mara nyingine nilimkuta kasimama pengine kabisa.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 1970, sikuchaguliwa kuendelea, nikaolewa. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali ilipotaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977, walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza la saba wakafunzwa papo hapo shuleni. Nami nilikuwa mmoja wao. Walimu wa UPE, yaani wa ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ndivyo tulivyoitwa, na jina lenyewe lilitamkwa kwa kubinua mdomo. Saa ya chai, ofisini, mwalimu mwenzangu alisema mbele ya wengine: "Huyu, kama si Azimio la Musoma, angekuwa wapi?"

Mnausikia mwangwi wake? Kama si sauti angekula nini. Ni maneno yaleyale, yamevaa nguo nyingine. Nilirudi nyumbani jioni, na kwa mara ya kwanza nikasoma kurasa nilizokuwa nikizirukaruka, zile za kujifunza kwake. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, hajui kusoma, anakaa chini ya mwalimu kufundishwa wimbo wa Kiarabu neno kwa neno, sikio kwa sikio, mpaka anauimba mbele ya Waarabu wenyewe. Utotoni nilidhani jibu lilimtoka tu. Kumbe jibu lile lilisimama juu ya miaka ya mazoezi. Angelisema bila kuwa na kazi mkononi, wangemcheka tena.

Basi nikaanza kuandika andalio la somo kila usiku, hata la kipindi nilichokijua kwa moyo. Mwaka 1987, nikiwa na miaka thelathini na mmoja, umri uleule aliohamia Siti mjini, nilifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilisomea kibatari, mtoto wa mwisho mgongoni, maana nikimlaza alilia. Hisabati ilinishinda, nikarudia mwaka uliofuata. Nikapanda kutoka daraja C la ualimu. Sikumwambia mtu kwamba namfuata mwimba taarabu. Wangedhani nimerukwa na akili.

Lakini kuna jambo la tatu, na hili linanipa uzito kuliandika.

Nilimsoma Siti vibaya kwa miaka mingi. Nilitoka na imani kwamba mwanamke mwenye akili husogeza kando, huvumilia, huacha kazi yake imsemee. Katika shule moja niliyofundisha alikuwapo mkubwa wa kazi aliyewaita wasichana wa darasa la saba ofisini kwake baada ya masomo, mmoja mmoja. Niliona. Nilijua kwa jinsi walivyotoka wakitazama chini. Muhula mzima nilinyamaza, nikajiambia mimi ni wa UPE, nani atanisikia, na kwamba hekima ni subira. Mmoja wao aliacha shule kabla sijafungua mdomo. Sura yake ninayo mpaka leo.

Kilichonifungua ni redio. Usiku mmoja ulipigwa wimbo wa Siti ambao sikuwahi kuusikia, Kijiti. Ni habari ya kweli ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam kuja Unguja, mwanamume akamchukua, akaenda naye vichakani, akarudishwa maiti. Muuaji alikimbilia bara. Wanawake waliojitokeza kueleza yaliyotokea ndio waliofungwa, kwa kosa la pombe. Na Siti aliimba yote hayo. Alilitaja jina la mtu yule, Kijiti, akaliweka kwenye santuri, Unguja nzima ikaliimba, na hata mahakama hakuisaza.

Nilikaa kitandani nikiwa nimeshika redio kwa mikono miwili. Huyu naye alikuwa Siti wangu! Alipotukanwa yeye, alijibu kwa upole. Alipouawa mwenzake, aliita jina. Yalikuwa mambo mawili, na mimi kwa miaka yote nilikuwa nimeshika moja. Asubuhi yake nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, nikasema nilichokiona, kwa majina na siku. Mtu yule alihamishwa tu. Ndiyo haki tuliyoipata, na haikunitosha. Lakini wasichana waliobaki hawakuitwa tena.

Kwa hiyo, wajukuu, mkipata shujaa wa kitabu msimfanye sanamu. Shaaban Robert alimpenda Siti na alimheshimu mno, na heshima ile mara nyingine imemlainisha. Anamsifu mpaka unatamani kumwona amekasirika japo mara moja. Hasira zake nilizikuta kwenye nyimbo. Msomeni, halafu mtafuteni nje ya kurasa. Muulizeni mnapofika kumi na sita, mwulizeni tena mkiwa na watoto.

Na mwulizeni hili la lugha, kwa sababu najua ndilo linalowanyamazisha mwezi huu wa kwanza. Mmesoma miaka saba kwa Kiswahili, leo biolojia inaingia kwa Kiingereza, mwalimu akiuliza mnaangalia meza. Zama za Sultani Barghash taarabu ilikuwa ya Kiarabu, ya ikulu. Siti alijifunza Kiarabu cha nyimbo, akajifunza hata za Kihindi, hakukimbia. Kisha akaichukua taarabu ile akaiimba kwa Kiswahili, wachukuzi na wapishi wakasimama dirishani wakaelewa. Kijifunzeni Kiingereza kwa jasho, kila siku maneno kumi kwenye daftari dogo. Lakini usiku mkimaliza, mweleze mdogo wako kwa Kiswahili jinsi moyo unavyosukuma damu. Ukishindwa kumweleza, bado hujaelewa. Ukiweza, hakuna atakayekunyang'anya.

Mtaniambia huyu ni wa zamani mno, nyanya zenu ndio waliomsikia. Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake wa nchi hii walianzisha chama chao, TAMWA, na gazeti lao wakaliita Sauti ya Siti. Wangeweza kuchagua jina la msomi yeyote. Walimchagua binti wa mfinyanzi. Naye Bi Kidude, aliyeimba mpaka uzeeni na kufariki 2013, alikuwa mtoto aliyejibanza kumsikiliza Siti. Hawa wote walisogea karibu na mtu mmoja, kila mmoja akachukua kipande chake.

Kama mna shujaa mwingine, sina ugomvi naye. Lakini awe mtu mnayeweza kumuuliza swali gumu. Wale wa kupendeza tu siku zote, ambao kila kitu kinawajia, watawaacha njiani siku ya kwanza mtakapofeli jaribio.

Yule binti mwenye daftari kifuani, kama barua hii imekufikia: nakala yangu ya wasifu si ile ya uzi wa magunia, ile ilioza mvua zilipopenya bati. Nilinunua nyingine. Ndani ya jalada lake la nyuma wameandika majina wasichana kumi na tisa waliowahi kuiazima, kila mmoja kwa mwandiko wake na kalamu yake, mwingine ameweka na tarehe. Jumamosi baada ya saa kumi huwa barazani. Njoo na wenzako wawili, vaeni sare zilezile, tusome kwa sauti kurasa za mwanzo. Macho yangu hayanipi tena kusoma jioni, nitahitaji mmoja wenu anisomee.

Ni mimi bibi yenu,
Mwalimu mstaafu, Tanga