Damu ya akina mama wa Majengo haikuwa ya ajabu

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya Jumatano iliyopita umerudia habari niliyoisikia tangu utotoni, kwamba Majengo, Pumwani, hapa Nairobi, kuna wanawake wenye "damu ya ajabu" isiyoshikwa na ukimwi. Mimi ni mzaliwa wa Majengo. Mama yangu mdogo, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mmoja wa wanawake hao, na mara nyingi nilimsindikiza kliniki alfajiri kabla sijaenda shule. Leo nafundisha Biolojia. Maneno hayo yaliniuma.

Utafiti wenyewe ulianza mwaka 1985, ukiendeshwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada. Waliofuatiliwa ni wanawake waliokuwa wakiishi kwa kazi ya ngono. Wengi waliambukizwa, wengi tuliwazika. Lakini kulikuwa na wachache ambao kila wakipimwa, mwaka baada ya mwaka, hawakuonekana na virusi. Mtaani kila mtu alikuwa na jibu lake: hirizi, jini, dawa ya mganga. Mwenye nyumba mmoja alimtaka mama mdogo ahame, eti ana kitu anachofuga. Yeye alisema, "Damu yangu ni damu tu. Waichukue waiangalie."

Wakaichukua, wakaiangalia. Mwaka 1998 watafiti walitangaza kwamba ndani ya damu ya baadhi ya wanawake hao walikuta seli-T za kuua, aina ya chembe nyeupe za damu, zinazovitambua virusi vya ukimwi. Hapa ndipo makala yenu ilipopita haraka, na hapa ndipo penye utamu.

Kingamwili, yaani protini za kinga zinazoelea mwilini, huvinasa virusi vikiwa bado nje, kwenye damu na majimaji ya mwili. Virusi vikishaingia ndani ya seli, kingamwili hazivifikii tena. Itajulikanaje basi kwamba seli fulani imevamiwa? Nawaambia wanafunzi wangu wakumbuke vibanda vya mitumba katika soko la Gikomba. Mwenye kibanda huning'iniza nje nguo mbili tatu, nawe ukipita unajua kilichomo kwenye marobota. Seli nazo hufanya hivyo: hukata vipande vifupi vya protini zinazotengenezwa ndani yake, asidi amino nane hadi kumi hivi, zikaviangika juu ya ngozi yake. Seli-T ya kuua hupita kibanda hadi kibanda ikikagua. Ikiona vitu vya nyumbani, inaendelea na safari. Ikiona kipande cha virusi, hujibandika hapo hapo na kumimina silaha zake pale tu zinapogusana. Silaha ya kwanza, perforini, hutoboa ngozi ya seli; ya pili, granzaimu, huingia na kuiamuru ijiue yenyewe. Seli hiyo husinyaa na kukatikakatika bila kupasuka, na jirani zake hawadhuriki. Kisha muuaji hujibandua akaenda kwa mwingine. Waliogundua mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba seli hizi hukagua namna hii ni Rolf Zinkernagel na Peter Doherty, wakiwa Canberra, Australia, na mwaka 1996 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Rafiki wa mama mdogo, aliyepanga chumba cha pili yetu, naye alipimwa miaka mingi bila kukutwa na kitu. Kisha akaacha kazi ile, akauza mahamri na mbaazi zaidi ya mwaka mmoja. Shida zilipomrudisha, akaambukizwa. Majirani walisema hirizi imechuja. Lakini mwaka 2001 watafiti walieleza kwamba hakuwa peke yake: waliokuja kuambukizwa baadaye walikuwa hasa wale waliokuwa wamepunguza kazi hiyo. Huenda seli zile za kuua zilipungua kwa kutokutana na adui. Mtu asije akasoma hapa kwamba kujianika kwa virusi ni kinga. Kwa kila mmoja aliyesalimika, wengi zaidi hawakusalimika.

Rafiki huyo wa mama mdogo baadaye alipata saratani ya mlango wa kizazi, na hilo nalo halikuwa laana. Seli zile zile za kuua ndizo zinazofagia virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hiyo, ambavyo wanawake wengi huvipata na kupona ndani ya miaka miwili hivi bila hata kujua. Ndizo pia zinazoziwinda seli zilizoanza kugeuka kuwa uvimbe. Lakini wauaji hawa huhitaji msaada wa seli-T nyingine, zile CD4 tunazohesabiwa kliniki, na hizo ndizo ukimwi unazozimaliza. Ndiyo maana mwanamke mwenye virusi vya ukimwi yuko katika hatari ya saratani hii karibu mara sita kuliko asiye navyo, na ndiyo maana namsihi kila mmoja wao anayesoma barua hii aende akapimwe mlango wa kizazi, hata kama hasikii maumivu yoyote.

Ile damu ya Majengo ilichangia kuzaliwa kwa chanjo iliyoanza kujaribiwa Nairobi mwaka 2001, iliyolenga kuziamsha seli hizi. Ilikuwa salama, ila iliziamsha kidogo mno. Hata hivyo watafiti wa chanjo wa nchi nyingi wamejifunza kutoka kwa akina mama hao, na makala yenu iliwaita "makahaba wa ajabu".

Naomba mkiandika tena muwaite wanawake waliotoa damu yao. Mama mdogo alirudi kutoka kliniki pamba ikiwa bado imebanwa kwenye kiwiko, akanipa shilingi ya mandazi, akaniambia nikimbie nisichelewe kengele.

Mwalimu wa Biolojia,
Nairobi